Hema la Mafuta ya Papa

Matano wa Mwabungo hakuzaliwa mchovu. Alichoshwa, tena na kitu kimoja tu: hema. Na usidhani ni kihema kile ambacho mtu hukikunja akakitia kwapani akaenda zake. Thubutu! Hili lilikuwa hema la msonge, mlingoti mmoja katikati, turubai zito la kijani limeuzunguka mpaka chini, kamba pande zote na vigingi pande zote. Likiwa kavu, wanaume wawili walilibeba wakiguna. Likilowa, afadhali ubebe ng'ombe.

Mwenye hema alikuwa mzungu mrefu wa kupima maji, watu wakimwita Bwana Kisima. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi ya Kwale akitafuta mahali pa kuchimba visima na mabwawa. Kazi ya Matano ilikuwa kuhakikisha kwamba Bwana Kisima, popote alipo, ana mahali pakavu pa kulaza ubavu na kutandaza ramani zake. Ukiisikia hivyo utasema, ah, kazi gani hiyo, ya kukaa kivulini? Ngoja nikwambie.

Pwani, kule Diani na Msambweni, kigingi hakishiki mchanga. Ukikipigilia asubuhi, mchana upepo wa kusi umekwisha king'oa. Basi Matano alichimba mashimo, akafukia magunia ya mchanga, kisha akafunga kamba kwenye magunia. Mvua ikinyesha, kamba za katani hunywa maji zikajikaza, na usipozilegeza zinang'oa kila kitu au zinachana turubai. Jua likitoka zinalegea, na usipozikaza hema linabwaga tumbo. Juu ya vilima vya Shimba hakuna jua wala mvua ya maana, ni ukungu tu, na turubai linaota kuvu bila kukauka. Ukishuka bara kwa Waduruma, ardhi ni ngumu, nyundo inaruka, mchwa wanakula vigingi, na chamchela, ule upepo wa kuzunguka na vumbi, anakuja mchana kweupe akitafuta nani amelala. Kwa hiyo Matano alilala kwa kuiba. Jicho moja usingizini, sikio moja kwenye kamba. Tone la kwanza likigonga turubai, yeye yuko nje, anazunguka, analegeza. Mwaka nenda mwaka rudi.

"Wewe Mdigo," Kenga, mpishi wa kambi, Mgiriama mwenye ulimi usio na pazia, alimwambia, "siku ukifa tutakuzika na kamba mkononi."

"Na wewe tutakuzika na sufuria, maana huna kingine ulichojua," Matano alijibu. Lakini alijibu bila nguvu. Hata utani ulikuwa umeanza kumchosha.

Sasa, huku akizunguka na nyumba ya mwenzake, nyumba yake mwenyewe Mwabungo ilikuwa ikianguka. Makuti yalioza. Kwanza yakavuja upande wa jikoni, Mishi mkewe akahamisha mafiga. Yakavuja na upande wa kitanda, akahamisha kitanda. Mwishowe paa lote likaketi chini siku ya upepo, na Mishi akachukua vyungu vyake akaenda kukaa kwa kaka yake Mwero, hapo hapo kijijini. Dama, binti yao wa pekee, alikuwa amekwisha olewa Msambweni. Basi Mishi akawa mgeni katika nyumba ya wifi, na anayejua maisha ya nyumba ya wifi hahitaji kuelezwa.

Utauliza, majirani je? Walikuwapo, tena wema. Lakini Wadigo wa Mwabungo wana ada yao. Nyumba huezekwa kwa mweria, kazi ya kusaidiana, watu wakaja na panga zao na nyimbo zao. Ila mwenyewe sharti awepo. Kuti la kwanza hulipokea yeye, na yeye ndiye hulifunga kwa mkono wake. Kumwezekea mtu mzima asiyekuwapo ni kumtangaza maiti, au ni kumwambia mkewe kwamba hana mume. Hakuna jirani aliyetaka kumtia Mishi uchuro huo. Kwa hiyo walimngoja Matano. Na Matano kila mara aliagiza salamu: mwezi ujao, inshallah.

Mfungo sita, siku za Maulidi, alipata ruhusa fupi akaenda kwao. Mwero alimpokea vizuri, salamu zote, kahawa na tende. Kisha akaweka kikombe chini.

"Shemeji," alisema, "mimi sikufukuzii mke. Lakini dada yangu ana umri wa kuwa na mlango wake wa kufunga. Sheria ya Mungu unaijua, mume ni chakula, nguo na malazi. Mwezi wa Ramadhani ukiandama na Mishi bado yuko kwangu, nitampeleka kwa kadhi, na akitaka kuachwa ataachwa."

"Mwenyewe amesema hivyo?" Matano aliuliza.

"Mwenyewe hajasema neno. Hilo ndilo linalonitisha."

Matano alimtazama mkewe uani, akichambua mchele. Alitamani aende akae karibu naye, amwambie jinsi alivyochoka. Lakini mtu aliyekuacha bila paa ana uso gani wa kukulilia uchovu? Akala, akashukuru, akarudi kambini na kifua kizito.

Akamwomba Bwana Kisima amwachilie. Bwana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ramani tu. Alimwambia, kwa Kiswahili chake cha kusukuma, kwamba kazi itakwisha kabla ya mvua za masika: wamalize Msambweni, wapande vilimani, washuke kwa Waduruma, basi. Hema likirudishwa ghalani Kwale zima na kavu, Matano yuko huru, aende akajenge. Lakini likirudi limechanika au linavuja, atabaki kulishona mpaka litengemae.

Masika yangeanza karibu sana na Ramadhani mwaka ule wa hamsini na saba. Matano alihesabu kwa vidole, akaona nafasi ipo, nyembamba lakini ipo. Mradi hema lifike zima.

Na hema lenyewe, kama lililosikia, likaanza kuvuja. Palepale Msambweni, mvua moja kubwa isiyo na msimu, matone yakaanguka juu ya ramani. Bwana Kisima akapiga kelele, Kenga akaleta sufuria zote, na Matano akasimama katikati akitazama turubai limefumuka nyuzi kama nguo ya maskini. Alishindwa hata kuapa. Usiku na mchana amelitunza, nalo linamfanyia hivi!

Hapo ndipo akili ya kwao ilipomjia. Baba yake Matano, mzee Boga, alikuwa fundi wa kukalafati mashua, kuziba nyufa zake zisivuje. Tangu utoto Matano alijua kitu kimoja kama anavyojua jina lake: mbao zisinywe maji, unazipaka sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Jahazi kubwa linapakwa, ngalawa inapakwa. Kwa nini hema lisipakwe? Maji si ni yale yale?

Bwana Kisima alipokwenda Mombasa kwa siku chache, Matano alishuka ufukweni akaomba mafuta kwa wavuvi, madebe mazima, akalitandaza hema juu ya nyasi, akalipaka kwa kitambaa kuanzia kileleni mpaka pindoni. Alipaka kwa moyo wote, huku akijisemea Mishi, Mishi, kila mkono ukipita.

Kenga aliziba pua. "Matano, unalipaka hema au unalikaanga?"

"Nyamaza, mtu wa nazi. Utaona."

Na waliona. Mvua iliporudi, maji yalikimbia juu ya turubai kama yamefukuzwa. Hata tone moja halikuingia. Bwana Kisima naye alirudi, akanusa hewa, akatazama huku na huku. Lakini Msambweni kila kitu kinanuka samaki, kuanzia njia mpaka kanzu za watu, basi hakujua la kulaumu. Akapiga turubai kwa kiganja, akasema safi sana. Matano alicheka siku ile, mara ya kwanza tangu Maulidi.

Vilimani Shimba mambo yaliendelea kuwa mazuri. Ukungu na baridi viliifunika harufu, na kuvu haikuota tena. Matano alilala hadi akakoroma. Alianza hata kujenga nyumba yake kichwani: boriti zipi, fito zipi, mlango uelekee wapi ili kusi isiingie.

Kisha wakashuka kwa Waduruma.

Lo! Jua la bara si jua la pwani. Lilipolipiga lile turubai mchana wa kwanza, mafuta yaliamka. Harufu ilitoka, ikasimama, ikatembea. Nzi walikuja kutoka mahali ambapo hakuna hata choo. Siafu wakapanga mstari. Wazee wa Kiduruma waliokuwa wameitwa kuja kuonyesha palipokuwa na maji ya kale, wakiongozwa na mzee Mramba, walifika hatua kadhaa kutoka mlangoni, wakasimama, wakatazamana.

"Bwana amefiwa na nini humo ndani?" aliuliza mzee Mramba kwa adabu.

Walikataa kuingia. Shauri lote la bwawa likafanyiwa juani, mzungu amekuwa mwekundu kama pilipili, na Kenga nyuma ya jiko anacheka mpaka anajishika mbavu. Taa ya chemli nayo ikawa mwiko humo ndani, kwa sababu cheche moja tu ingeligeuza hema kuwa utambi. Bwana Kisima aliondoa kitanda chake akaenda kulala ndani ya lori. Na asubuhi ikaonekana nyayo za fisi pande zote, na pindo la turubai upande wa nyuma limetafunwa, limebaki matambara.

Matano alipoliona pindo lile aliketi chini kwenye vumbi. Hakulia, ila machozi yalikuwa karibu. Hema zima na kavu, ndivyo alivyoambiwa. Ramadhani iko mlangoni. Alikumbuka kikombe cha Mwero kikiwekwa chini. Alikumbuka mgongo wa Mishi uani. Amejitakia mwenyewe, kwa madebe yake mwenyewe.

"Pole, ndugu yangu," Kenga alisema, na safari hii hakutania. Akamletea chai, akaketi naye.

Walirudi Kwale kwa lori, hema limefungwa nyuma peke yake. Karani wa ghala alitoka na kalamu sikioni, akasogea, akarudi nyuma. "Mzoga huu siupokei! Kuna mablanketi ya watu humu! Upelekeni mnakojua!" Bwana Kisima alibishana naye kidogo, kisha akachoka. Alikuwa mtu aliyelala lorini juma zima. Akamgeukia Matano.

"Chukua," alisema. "Yako. Nenda nayo nyumbani. Kazi kwisha. Mimi sitaki ona hii hema tena, sitaki nusa."

Matano hakuamini masikio yake. Alikuwa huru! Si huru tu, bali na paa mkononi! Shida na furaha zilimkuta mahali pamoja, akamshika Bwana mkono kwa mikono miwili. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya baharini, lakini sasa yakusanyike yatakavyo. Dereva wa lori alikuwa akienda Ukunda, akakubali kumfikisha Mwabungo, madirisha wazi.

Alifika alasiri. Hakwenda kwa Mwero kwanza. Alikwenda kwenye kiwanja chake, akafyeka magugu yaliyoota ndani ya kuta, akaondoa fito zilizooza, akalisimamisha hema juu ya sakafu ya nyumba yake ya zamani. Pindo lililoliwa na fisi alilielekeza ukutani. Kila kamba aliivuta kwa ustadi wa miaka yote. Mungu shahidi, hajawahi kulisimamisha vizuri namna ile. Kisha akaoga, akavaa kanzu, akaenda kumwita mkewe.

Mishi aliitikia salamu. Aliuliza habari za safari. Aliposikia kwamba pana paa, aliingia ndani, akatoka na kikapu kichwani, na kikapu kilikuwa kizito. Mwero alifuata nyuma. Mawingu yalikwisha shuka, na walipofika kiwanjani matone ya kwanza yakaanza.

"Karibu, Mama Dama," alisema Matano, akafunua mlango wa turubai. "Karibu kwako."

Mishi aliinama, akaingia. Mwero alibaki mlangoni na kitambaa puani. Mvua ikapiga kwa nguvu, na ndani ya hema hapakudondoka kitu. Matano alisubiri asifiwe. Mishi alizunguka mlingoti taratibu, akitazama chini. Kisha akatua kikapu, akatoa jiwe la kwanza. Yalikuwa mafiga yake matatu, yale yale, yamekuwa meusi kwa moshi wa miaka.

"Niyaweke wapi?" aliuliza.

Matano alipapasa turubai. "Moto... moto hauwezi kukaa humu, Mama Dama. Turubai lina mafuta. Likipata cheche litaungua lote."

"Nitapika wapi?"

"Nje."

"Nje mvua inanyesha."

"Ikiacha."

Mishi alilitazama lile jiwe mikononi mwake. Aliongea polepole, wala hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Matano kuliko angepiga mayowe.

"Baba Dama, hii ni kambi. Umeniletea kambi. Miaka yote hii unaamka mvuani kumlegezea mtu mwingine kamba, na mimi nimevujiwa mpaka nimehama. Sikusema. Nikasema atakuja. Sasa umekuja, na umeniletea ile ile kazi yako niishi ndani yake. Mahali ambapo mafiga hayaingii, mimi naingiaje?"

"Nimechoka, Mishi," alisema Matano. Lilimtoka tu, na jina la mkewe akalitaja mbele ya Mwero, kinyume cha ada. "Wallahi nimechoka. Sikuwa na kitu kingine. Makuti ya kuezekea nyumba nzima nitayapata wapi saa hizi, na Ramadhani hii hapa?"

Mwero na dada yake walitazamana.

"Hakuwahi kukwambia?" aliuliza Mwero.

"Kuniambia nini?"

"Makuti yako nyuma ya nyumba yangu. Yamejaa banda zima. Kila msimu huyu anashona, anayapanga, anakungoja. Yakioza anashona mengine. Wifi yake amekwisha choka kumwambia aache."

Matano aligeuka kumtazama mkewe. Aliviona vidole vyake, ambavyo siku zote aliviona na hakuviona, vimechanika kwa chale za kuti na kamba za makumbi. Akashika mlingoti wa hema. Paa lake lilikuwapo. Lilikuwapo miaka yote, limeshonwa, limefungwa, linangoja mtu mmoja tu aje alipokee kuti la kwanza.

"Nisamehe," alisema, na sasa alilia waziwazi, mtu mzima na kanzu yake.

 Mishi alirudisha jiwe kikapuni. Lakini kikapu alikiacha pale pale, chini ya mlingoti, akatoka mvuani na kaka yake.

Asubuhi mvua ilipumzika. Matano alitoka nje ya hema akawakuta watu. Hakuwaita yeye. Mwero alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akisema neno moja tu, kwamba mwenyewe yupo. Wanaume walikuja na panga na boriti, wanawake walikuja na makuti ya Mishi vichwani, msururu mrefu. Ilikuwa mwisho wa Shaabani, siku za vunja jungu, basi na vyungu vya pilau vililetwa, na mtu mmoja akaanza wimbo. Hema likashushwa. Mwero aliagiza litandazwe juu ya makuti yaliyosubiri zamu, yasilowe kila manyunyu yakipita, na kwa kazi hiyo hakuna aliyelalamikia harufu yake. Au kidogo tu.

Matano alipanda juu ya makombamoyo, zile boriti za paa. Aliinamisha macho kwa haya, lakini alipanda. Mishi alisimama chini, akamnyooshea kuti la kwanza. Alilipokea, akalifunga kwa mkono wake, akavuta fundo mpaka likalia. Watu wakapiga vigelegele.

Walipiga kazi kutwa, na kutwa ya pili. Jua la alasiri lilikuwa halijashuka walipofunga kilele. Watu walitawanyika, na Mishi akaingia ndani na kikapu chake, akayaweka mafiga upande wa jikoni, mahali pake pa zamani, akawasha. Moshi ulipanda, ukajipenyeza kwenye makuti mapya, ukatokea juu kama katika nyumba yoyote ya watu.

Matano alijinyoosha kwenye mkeka. Alisema atafumba macho kidogo tu. Na mvua ikarudi, mvua yenyewe ya masika, ikapiga juu ya paa. Tone la kwanza tu, yeye akaruka wima, macho bado yamefumbwa, mikono inapapasa hewani ikitafuta.

Mishi aliacha mwiko chunguni. Alimshika mabega, akamrudisha mkekani.

"Lala, Baba Dama," alisema. "Hapa hakuna kamba."